Chatu wa Kufugwa: Namna ya Kumlisha na Kumshika Bila Kumsumbua

Tukipiga ngoma za Kisukuma katika kipindi cha utamaduni, swali linalorudi kwenye simu ya studio ni lile lile: wale wanaocheza na chatu, mbona hawadhuru? Wengi husema ni dawa. Habari za dawa tunawaachia Wayeye wenyewe, chama cha Wasukuma kinachosifika kwa ujuzi wa nyoka. Lakini yapo mambo ya tumbo na joto la mwili wa chatu ambayo mtu yeyote anaweza kuyaelewa.

Chatu hana sumu. Huvizia, hung'ata, hujizungusha na kubana mpaka damu ya windo inaacha kuzunguka, kisha humeza mzima mzima. Hapo ndipo kazi nzito inapoanza. Watafiti waliompima chatu wa Burma, wa kule Asia, walikuta moyo wake umenenepa kwa takriban asilimia 40 ndani ya siku mbili tatu baada ya kula. Na kwa kuwa mwili wake hautengenezi joto la kutosha kama wetu, hutegemea joto la nje ili chakula kisagike. Akipata baridi, nyama huweza kumwozea tumboni.

Akishtuliwa akiwa ameshiba, hutapika ili awe mwepesi wa kukimbia. Kutapika huko kunamdhoofisha, na kukirudiarudia kunaweza kumuua. Kwa hiyo baada ya kula asiguswe kwa saa 48 angalau, na kama mlo ulikuwa mkubwa, asubiriwe mpaka uvimbe wa tumbo utulie.

Anayefugwa zaidi majumbani huko Marekani na Ulaya ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, ambaye mara nyingi hafiki hata mita moja na nusu. Akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Hupewa kizimba chenye maficho, upande mmoja nyuzijoto 32 hivi na mwingine 26, achague mwenyewe. Mdogo hulishwa kila wiki, mkubwa kila baada ya wiki mbili au zaidi, na panya asizidi sana unene wa kiwiliwili chake. Panya huyo afadhali awe amekufa, apashwe joto kidogo na kusogezwa kwa koleo refu. Panya hai aliyekwama kizimbani hugeuka mwindaji: humtafuna nyoka asiye na njaa. Akisusa chakula kwa wiki kadhaa msimlazimishe. Chatu huyu hukaa miezi bila kula na bado akawa mzima.

Kwenye kumshika, oga harufu ya panya mikononi. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na mkono wenye joto na harufu ya panya kwake ni chakula. Mguse kwanza katikati ya mwili, kutokea ubavuni, wala usimjie kwa juu kama mwewe. Mnyanyue kwa mikono miwili, uzito wote ubebwe, kichwa akiache huru. Dakika chache zinatosha. Akipinda shingo kama herufi S, akifoka, au macho yakiwa na ukungu wa samawati kwa sababu anakaribia kujivua gamba, mwache. Kisha nawa kwa sabuni, maana nyoka hubeba bakteria wa salmonela.

Chatu wa kwetu ni habari nyingine kabisa. Hufika mita tatu, nne, hata tano, na huyo hashikwi na mtu mmoja, wala mtoto asiachwe karibu naye. Akikung'ata usivute, meno yake yamepinda kuelekea ndani. Akijizungusha, mwenzako aanze kumkunjua kutokea mkiani.

Kumfuga pia kunahitaji kibali. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, Kenya ina yake ya mwaka 2013, na biashara ya chatu kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Kwa hiyo ukimkuta porini amelala, tumbo limevimba na mbuzi wako haonekani, usimpige wala usimbebe nyumbani. Ondoa watoto na mifugo, kaa mbali, umpigie simu ofisa wanyamapori wa wilaya. Akiwa ameshiba hivyo, si mwepesi wa kwenda mbali.