Ndege Wageni wa Masisi na Walikale

Kila mwaka tangu mwezi wa Septemba ndege wageni huonekana kando ya maji ya kwetu, na ukiisha mwezi wa Aprili hawaonekani tena. Wametoka wapi?

Huko Ulaya nako watu waliulizana karne nyingi: wanakwenda wapi? Aristoteli alifundisha kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi. Mwingereza mmoja wa karne ya 17, Charles Morton, mtu wa elimu kabisa, aliandika kwamba ndege huruka mpaka mwezini, safari ya siku 60! Tusimcheke sana, hakuwa na mtu wa kumwuliza huku kwetu.

Mwaka 1822, karibu na Klütz katika nchi ya Ujerumani, aliuawa korongo mweupe mwenye mkuki uliopenya shingoni. Mkuki ule ulikuwa wa Afrika, urefu wake kama sentimita 80. Mwindaji alimchoma huku, naye akaruka na jeraha lake mpaka Ulaya. Hata leo ametunzwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kisha mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavika ndege pete zenye namba miguuni, na njia zao zikajulikana pole pole.

Hawakimbii baridi peke yake. Maji ya kule yakiganda, chakula hufungiwa chini ya barafu. Njaa ndiyo inayowafukuza.

Wakifika huku, kila mmoja huchagua makao kwa kufuata mdomo wake. Kitwitwi, yule mdogo mwenye kutikisa mkia, huokota wadudu kwenye mawe ya mto; kwa hiyo aweza kuufuata mto Lowa hata ndani ya msitu wa Walikale. Bata wa kaskazini hawezi. Yeye hula kwa kuinamisha kichwa, bila kuzama, basi hutaka maji ya wazi yasiyo na kina, yenye majani na mbegu, kama yalivyo kandokando ya Ziwa Edward. Kwetu maji ya namna hiyo hutafutwa Masisi, kwenye kingo za maziwa manne ya Mokoto na katika vinamasi vya mabonde. Lakini vinamasi vikichimbwa mifereji huwa mashamba na malisho. Mwenye shamba ana watoto wa kulisha, simlaumu. Ila bata akikuta mahindi palipokuwa na maji, hupita.

Nanyi mkikuta pete mguuni mwa ndege aliyekufa, msiitupe wala msimpe mtoto kuichezea. Someni namba na jina lililochorwa, mkamwonyeshe mwalimu au padri, ili barua iandikwe.