Msuka na Ribiti: Historia ya Mpini wa Kisu katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Historia ya pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia visiwa vya Kirimba hadi mdomo wa Mto Ruvuma, husimuliwa kwa pembe za ndovu, watumwa, makampuni na vita. Kisu kikitajwa, hutajwa kwa makali yake. Insha hii inakitazama upande wa mpini. Hoja yake ni kwamba namna mpini unavyoshikanishwa na chuma hutueleza nani alikifua kisu, nani alikiuza na nani aliachiwa kazi ya kukitengeneza kilipoharibika.

Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya msuka, yaani ncha nyembamba iliyo nyuma ya bapa. Mhunzi huupasha moto msuka na kuusukuma ndani ya mti, kisha hukaza mdomo wa mpini kwa pete ya chuma iitwayo noleo. Ya pili ni ya ribiti. Hapa chuma chenyewe hufika hadi mwisho wa mpini, vipande viwili vya mti hukibana huku na huku, na vijiti vya chuma au shaba hupenya vyote vitatu na kupondwa vichwa pande zote mbili. Tofauti hii ni ushahidi mzuri kwa mwanahistoria. Mti huoza ardhini, lakini matundu katika chuma hubaki yakionyesha jinsi mpini ulivyofungwa.

Vyuma vya kigeni si vipya katika mwambao wa Afrika Mashariki. Periplus ya Bahari ya Eritrea, iliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, inataja mikuki, mashoka na majambia yaliyoletwa kutoka Muza, Uarabuni. Hata hivyo, bara lilikuwa na wahunzi wake. Yohanna Abdallah, katika kitabu chake kuhusu Wayao kilichochapishwa 1919, anaeleza jinsi wahunzi wa ukoo wa Wachisi walivyozunguka na majembe yao, na jinsi biashara hiyo ilivyowafungulia Wayao njia ya pwani. Kazi ya wahunzi wa namna hii ilikuwa ya msuka: aliyefua chuma alijua pia mpini utakavyokaa.

Ukoloni ulivunja uhusiano huo. Kampuni ya Nyassa, iliyopewa hati mwaka 1891, ilitawala eneo hili na kutoza kodi ya nyumba hadi 1929. Kuanzia 1938 serikali ya Ureno ililazimisha kilimo cha pamba, na watu wengi, hasa Wamakonde, walivuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika. Mashamba yalihitaji panga, na panga lilitoka kiwandani, katika miji kama Birmingham, likiwa na ribiti zake tayari. Hata jina lina safari yake. Wareno huliita *catana*, neno walilolitoa Japani, walikofika mwaka 1543. Mkulima akawa mnunuzi wa chuma alichokuwa akikipata kwa mhunzi jirani, na mpini wa bei ukawa mikononi mwa wengine.

Lakini mpini wa kiwandani hupasuka kabla ya chuma kuisha. Hapo fundi wa kienyeji alirudi kazini kwa mlango mwingine. Yeye hafui tena bapa. Huondoa ribiti za zamani, huchonga vipande viwili vipya na kuvifunga upya. Akitumia mpingo, hawezi kupigilia msumari tu, kwa sababu mti huo ni mgumu na mzito hata huzama majini. Lazima atoboe kwanza kwa keke. Kisha hukata msumari au waya mnene wa shaba, mrefu kidogo kuliko unene wa mpini, na kuuponda taratibu kwenye fuawe, akizunguka ukingo wa kichwa. Akizidisha nguvu, mti hupasuka; akipunguza, mpini hucheza mkononi na kumkata mwenyewe. Kwa kisu cha mvuvi shaba ni bora, kwa kuwa chumvi huila ribiti ya chuma na kutu hupanua tundu.

Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, na ya Palma mwezi Machi 2021, panga la Cabo Delgado limejulikana duniani kama silaha ya kutisha. Mamia ya maelfu ya watu wamehama makwao. Panga jipya hununulika popote mtu anapokimbilia, lakini ujuzi wa kufunga mpini hurithiwa kwa kukaa karibu na fundi, na ukaribu huo ndio vita vimeutawanya. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunao wajibu mdogo tunaouweza: kuwatafuta mafundi hawa walipo, na kuandika kazi yao pamoja na istilahi zake, msuka, noleo, keke na ribiti, wangali wapo wa kutueleza.