Mafuta ya taa katika chupa ya soda ni hatari kwa mtoto

Katika nyumba nyingi za mijini, mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo kidogo, hutiwa katika chupa tupu ya soda au ya maji, kisha huwekwa sakafuni kando ya jiko. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, ambaye hutia kila kitu kinywani, huiona chupa anayoifahamu na kuinywa.

Madhara makubwa hayatokei tumboni, bali katika mapafu. Mafuta haya ni mepesi. Mtoto anapopaliwa au kutapika, huingia katika njia ya hewa na kuweza kusababisha nimonia. Ndiyo maana aliyeyanywa hapaswi kutapishwa, wala kunyweshwa maziwa ili atapike, ingawa majirani wengi hushauri hivyo. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji na sabuni, na apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Kikohozi na kupumua kwa haraka huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hivyo mzazi asighairi safari kwa kuwa tu mtoto anacheza.

Mafuta yatiwe katika dumu lenye kifuniko cha kukaza na kufungiwa kabatini, pasipofikiwa na mtoto hata akipanda kiti.