Wenye Nyumba wa Majengo: Wanawake na Uislamu katika Eastlands ya Nairobi

Wataalamu wanaoandika juu ya mwamko wa Kiislamu, yaani harakati ya kuirudia Kurani na Sunna ambayo imeenea mijini tangu miaka ya 1970, aghalabu humtazama mwanamke mwenye hijabu kama sura mpya ya mji. Kwa Eastlands, mitaa iliyo mashariki ya katikati ya Nairobi, mtazamo huo unaacha nje mengi, kwa kuwa wanawake wa huko waliushika Uislamu na kujenga maisha juu yake miongo mingi kabla ya mwamko wenyewe kufika.

Chimbuko lao ni vijiji vya awali kama Pangani, kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na hasa Pumwani, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliupima kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920 na ambao wakazi wake, waliopewa viwanja wajijengee wenyewe, waliuita Majengo. Nyumba ya huko ilifuata mtindo wa pwani: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, uani choo na mahali pa kupikia pa wote, kuta za fito na udongo, na juu madebe yaliyokunjuliwa na kupigiliwa misumari yakawa paa. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja akapangisha vilivyobaki, na kama Janet Bujra alivyoonyesha katika utafiti wake wa miaka ya 1970, si wachache kati ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu ukahaba wa Nairobi ya kikoloni, alieleza mtaji ulikotoka: wale walioitwa malaya, tofauti na watembezi waliotafuta wateja barabarani, walingoja vyumbani mwao, na pamoja na kitanda waliuza chai, chakula na maji ya kuoga kwa wanaume wa kazi ambao mji haukuwapa nafasi ya kuishi na wake zao.

Mwanamke wa aina hiyo, ambaye huenda alimwacha mume au baba huko Kikuyu au kwingineko, alikuwa na mali lakini hakuwa na ukoo wa kumtambulia mali hiyo, kwa sababu kwa desturi ya kwao urithi ulipita kwa wanaume. Kusilimu kulimpa jina jipya, majirani wa kufuturu nao, kikundi cha lelemama, ile ngoma ya wanawake iliyotoka pwani, na watu watakaomwosha na kumzika atakapofariki. Kulimpa pia sheria: katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, hivyo ndugu waliobaki kijijini walikosa dai, naye akaweza kumpa binti wa kulea nyumba kwa hiba, yaani zawadi inayotolewa mtoaji akiwa hai, au kumwachia sehemu kwa wasia, ambao hauvuki theluthi ya mali. Msomaji mwepesi wa kuhukumu atasema hiyo ilikuwa dini ya maslahi, lakini hukumu hiyo inasahau saumu, ada za mazishi na miaka mingi ya ujirani.

Mitaa ya manispaa iliyofuata, kama vile Ziwani na Kaloleni ya miaka ya 1940, haikumwachia mwanamke huyo nafasi ya namna hiyo, kwani hapo nyumba zilikuwa za kukodi na aghalabu mtu alizipata kwa kazi yake au ya mumewe.

Mwamko ulipofika, ukibebwa na vijana waliorudi kutoka vyuo vya Saudi Arabia na, baada ya dola la Somalia kuanguka mwaka 1991, na msongamano mpya wa Wasomali katika mtaa jirani wa Eastleigh, ulikuta desturi hizo zikiwa hai, ukazipima upya. Lelemama ilikemewa, maulidi yakawa ya kubishaniwa, kanga ya kujitanda ikaanza kupisha jilbabu na nikabu. Hata hivyo si haki kuusoma mwamko huo kama kufungiwa ndani tu. Saba Mahmood, katika utafiti wake wa Kairo uliochapishwa mwaka 2005, alionyesha kwamba wanawake wa misikitini hujijengea uwezo kupitia utiifu wenyewe, na katika Eastlands darsa za wanawake zimemtoa ustadha, mwalimu wa kike ambaye heshima yake inatokana na kitabu, kama ya bibi wa Majengo ilivyotokana na ufunguo wa nyumba.

Heshima hizo mbili hugongana katika mirathi. Sheria ya Urithi ya Kenya ya 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haikumbagua mtoto wa kike, lakini Waislamu waliipinga hadi wakaondolewa chini yake mwaka 1990, na mahakama za kadhi zikabakishwa katika Katiba ya 2010. Kwa fiqhi inayofundishwa katika darsa hizo binti hupata nusu ya fungu la kaka yake, na mtoto wa kulea si mrithi kabisa, kwa hiyo mjukuu wa kulea wa mwenye nyumba wa zamani, anayesoma darsa hizohizo, hana haki katika vyumba alimokulia isipokuwa awe na hati ya hiba au ya wasia, au mashahidi wake wawe bado hai.