Nuzlocke: mchezo wa watoto uliowekewa kifo

Leo naweka kando habari za baridi, za viza na za bei ya mchele wa huku Uingereza. Kuna neno moja nalisikia sana kwa vijana wa huku, na najua baadhi ya wapwa zangu huko nyumbani wanalijua kuliko mimi: Nuzlocke. Wakubwa wakilisikia watadhani ni dawa ya mafua. Si dawa. Ni masharti ambayo mchezaji wa gemu ya Pokémon anajiwekea mwenyewe ili mchezo uwe mgumu. Nimeifuatilia historia yake kwa sababu inagusa jambo ambalo sisi manesi tunalijua vizuri, nanyi mtaliona mbele ya safari.

Tuanze na gemu yenyewe, kwa wale ambao hawajawahi kuiona. Mjapani mmoja anayeitwa Satoshi Tajiri alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, na utotoni alipenda sana kukamata wadudu. Mji ulivyotanuka, mashamba na mabwawa yakageuka kuwa majengo na wadudu wakapungua. Alipokuwa mtu mzima na kampuni yake ya Game Freak, akataka watoto wa mjini waonje ile raha ya kutafuta, kukamata na kubadilishana. Tarehe 27 Februari 1996 zikatoka Pokémon Red na Green huko Japani, za kuchezwa kwenye Game Boy, kile kimashine cha Nintendo cha kushika mkononi. Zilikuwa na viumbe 151. Leo wamepita 1,000.

Mchezo wenyewe ni hivi. Unapewa kiumbe mmoja wa kuanzia, unatembea njiani na msituni, viumbe wengine wanakutokea, unawapiga wadhoofike kisha unawarushia mpira wa kuwanasia. Unaruhusiwa kutembea na sita tu, waliobaki wanawekwa stoo ndani ya kompyuta. Mbele yako wapo viongozi wanane wa kupambana nao, halafu mabingwa wanne wakubwa, halafu bingwa wa mwisho.

Sasa sikilizeni hapa. Kiumbe wako akipigwa mpaka nguvu zikafika sifuri, hafi. Anazimia tu. Unampeleka zahanati, na karibu kila mji unayo, nesi anampokea, kamuziki kafupi kanalia, kapona. Bure! Hakuna foleni, hakuna kadi ya bima, hakuna kuambiwa dawa zimeisha kanunue duka la nje. Wakizimia wote sita, unapoteza sehemu ya pesa zako na kujikuta umerudi zahanati, na safari inaendelea. Mimi nilicheka sana. Nikasema laiti wodi yetu ingekuwa hivyo.

Lakini angalieni matokeo yake. Kwa kuwa hakuna anayekufa, hakuna anayeangaliwa. Mchezaji anakamata viumbe makumi kwa makumi, anawatumia wawili watatu wenye nguvu, na wengine wanasahaulika stoo. Akizimia huyu, analetwa yule. Mchezo ulitengenezwa ili mtoto mdogo aweze kuumaliza, na kwa hilo watengenezaji walifanya vizuri. Ila wale watoto wa 1996 wakakua. Wakarudi kuucheza wakiwa vyuoni na kazini, wakakuta wanapita tu kama mtu anayepita njia ya kwenda kwao gizani.

Ndipo tunafika mwaka 2010. Mmarekani mmoja, Nick Franco, alikuwa anacheza Pokémon Ruby, toleo lililotoka Japani mwaka 2002. Akajiwekea masharti mawili. La kwanza: kiumbe akizimia, amekufa, anaachwa aende zake na haruhusiwi kutumika tena. La pili: katika kila eneo unaruhusiwa kukamata yule wa kwanza tu anayekutokea. Akitoroka au ukimuua kwa bahati mbaya, basi, eneo hilo huna chako. Franco akawa anachora safari yake kama katuni na kuiweka kwenye intaneti. Katika katuni hizo alimchora kiumbe mmoja aitwaye Nuzleaf akiwa na sura ya John Locke, mhusika wa tamthilia ya Lost iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 2004 hadi 2010. Wasomaji wakaunganisha majina mawili, wakapata Nuzlocke. Utani wa katuni ukawa jina la namna nzima ya kucheza.

Baadaye wachezaji wakazoea sharti la tatu, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote: kila unayemkamata lazima umpe jina lake mwenyewe. Asibaki na jina la jamii yake.

Kufa moja kwa moja kwenye gemu halikuwa jambo geni. Karibu na mwaka 1980 wanafunzi wawili wa Santa Cruz, California, Michael Toy na Glenn Wichman, walitengeneza gemu iitwayo Rogue, ya kushuka shimoni kutafuta hirizi. Ukifa humo umekufa, unaanza upya. Hata yule nyoka wa simu zetu za Nokia, aliyeanza na Nokia 6110 mwaka 1997, akijigonga ndiyo basi. Tofauti ni kwamba huko mashine ndiyo inayokuua. Kwenye Nuzlocke mashine haina habari kabisa. Zahanati iko wazi, nesi anangoja, kitufe kinafanya kazi. Anayesema "huyu amekufa" ni mchezaji mwenyewe, peke yake, chumbani, bila refa.

Msidhani ni wazimu wa Wazungu. Mliocheza chandimu mnakumbuka: timu moja ikizidi mno, mkali wao anaambiwa acheze kwa mguu wa kushoto, au anapelekwa golini. Hakuna FIFA iliyoandika sharti hilo. Tuliliweka wenyewe, na aliyelivunja alionekana mtu wa ovyo hata kama alifunga mabao matano.

Sasa niseme kwa nini nesi anaandika habari hizi. Huku Uingereza tangu 2012 tuna mfumo wa alama hospitalini unaoitwa NEWS. Tunapima kasi ya kupumua, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, fahamu na joto, kila kimoja kinapewa alama, tunajumlisha, na jumla ikipanda tunamwita daktari kabla mambo hayajaharibika. Tunaamka usiku wa manane kupima mtu anayeonekana hana neno. Kwa nini? Kwa sababu hakuna kamuziki kafupi ka kumrudisha.

Basi mchezaji wa Nuzlocke naye anaanza kupima. Kabla ya pambano anaangalia nguvu za kila mmoja. Aliyejeruhiwa anaondolewa mapema, hangojwi afike sifuri. Anajifunza adui anayekuja ana silaha gani, maana kukosea kidogo kunamgharimu rafiki. Zahanati ile ile aliyokuwa akiipita kama choo cha stendi sasa anaikimbilia kwa shukrani. Gemu haijabadilika hata nukta moja. Kilichobadilika ni kwamba kupoteza kumekuwa na uzito, na pamoja na uzito huo uangalifu umeingia wenyewe bila kuhubiriwa.

Sharti la wa kwanza kukutokea nalo lina lake. Kwenye njia za mwanzo za Pokémon Ruby wanakutokea Poochyena, Zigzagoon na Wurmple, vijidude dhaifu ambavyo mchezaji wa kawaida anavidharau. Hapa huchagui. Aliyekujia ndiye wako, unamlea hivyo hivyo. Ndiyo maana ukisikiliza wachezaji wa Nuzlocke wakisimulia, mara nyingi shujaa wao ni kijidude ambacho wasingekiangalia mara mbili.

Na jina je? Wodini ni rahisi kusema "kitanda namba 6". Siku unapoanza kumwita mtu kwa jina lake, kazi ni ile ile lakini mkono unakuwa mwingine. Wachezaji hawa waliligundua hilo kwa njia yao.

Toka hapo masharti yamezaa masharti. Wapo wanaoruhusu kumruka kiumbe wa jamii uliyo nayo tayari, ili usijaze sita wa aina moja. Wapo wanaoruhusu kumchukua popote yule mwenye rangi adimu, ambaye katika matoleo mengi ya zamani nafasi ya kukutana naye ilikuwa 1 kwa 8,192. Kuna ya watu wawili wanaocheza pamoja, kila kiumbe wa huyu amefungwa na mwenzake wa yule, mmoja akifa na wa pili anakwenda. Na kuna ile ngumu kabisa: hakuna kutumia dawa katikati ya pambano, na hakuna kiumbe wako kumzidi daraja kiongozi anayefuata.

Hapo kwenye ile ngumu kabisa nina neno langu. Siku hizi wapo wanaocheza matoleo yaliyofumuliwa yawe magumu kupita kiasi, pembeni wana kikokotoo cha kupigia hesabu kila kipigo kabla hakijatolewa. Ni ufundi, nawapa heko. Lakini Franco alianza na katuni, yaani na hadithi ya wenzake walioishi na waliokufa njiani. Kiumbe akiwa tarakimu tu, tumerudi kwenye kitanda namba 6.

Wapwa zangu, mkitaka kujaribu, hamhitaji kununua kitu kipya. Gemu mliyo nayo inatosha. Mtakachohitaji ni kushika neno lenu pale mtakapompoteza mmoja, kitufe cha kuanza upya kiko chini ya kidole, na hakuna anayewaona. Na wazazi mkimkuta mtoto amenuna mbele ya kimashine, msimcheke mapema. Muulizeni kwanza aliyekufa alikuwa anaitwa nani.

Kazi kwenu. Salamu kwa wote, na mama mkubwa aambiwe dawa za presha azimeze hata siku anayojisikia mzima. Tuonane panapo majaliwa.