Tomas Ganz: Mwanafizikia aliyefichua ufunguo wa madini ya chuma mwilini

Na Mwandishi Wetu

MTOTO anapogundulika kuwa na upungufu wa damu, wazo la kwanza la mzazi, na mara nyingi la mganga pia, ni kumwongezea madini ya chuma. Kisiwani Pemba desturi hiyo ilipimwa kwa watoto wapatao 24,000 wenye umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35, na matokeo yake yaliwashtua wataalamu.

Agosti 2003 utoaji wa vidonge vya chuma na asidi foliki katika utafiti huo ulisimamishwa kabla ya wakati. Ilibainika kuwa watoto waliopewa vidonge hivyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki dunia au kuhitaji matibabu hospitalini, wakilinganishwa na wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ripoti kamili ilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2006. Wakati huo Pemba ilikuwa na malaria kali.

Inakuwaje dawa ya kujenga damu imdhuru mtoto? Njia ya kulijibu swali hilo ilifunguliwa, kwa kiasi kikubwa, na Profesa Tomas Ganz wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), nchini Marekani, mtu ambaye hata hakuanza kama mtaalamu wa damu.

Ganz alisoma fizikia hadi shahada ya uzamivu kabla ya kugeukia udaktari, akabobea katika magonjwa ya mapafu. Mwaka 1985 yeye na wenzake, akiwamo Robert Lehrer na Michael Selsted, walitangaza difensini, protini ndogo ambazo chembe nyeupe za damu huzitumia kuua vijidudu.

Kundi lake lilipokuwa likisaka protini nyingine za namna hiyo katika mkojo wa binadamu, lilikutana na moja yenye asidi amino 25 tu, inayotengenezwa na ini. Mwaka 2001 waliitangaza kwa jina la hepsidini, yaani kiua vijidudu kitokacho kwenye ini. Watafiti wa Ujerumani walikuwa wameiona katika damu mwaka mmoja kabla na kuipa jina jingine.

Kama silaha dhidi ya vijidudu, hepsidini ilikuwa dhaifu. Pengine ingesahauliwa kama watafiti wa Ufaransa wasingegundua, mwaka huohuo wa 2001, kwamba panya wasio nayo hulimbikiza chuma kupita kiasi katika ini na kongosho.

Ganz na mwenzake wa UCLA, Elizabeta Nemeth, wakalifuata jambo hilo. Mwili wa mtu mzima una gramu tatu hadi nne za chuma na hauna njia maalumu ya kutoa kinachozidi, hivyo usalama wake uko katika kuudhibiti mlango. Mlango huo ni protini iitwayo feropotini, iliyoko katika utumbo mwembamba na katika seli za wengu na ini zinazovunja chembe nyekundu zilizozeeka. Mwaka 2004 kundi lao lilionyesha kuwa hepsidini huishika feropotini, ikavutwa ndani ya seli na kuharibiwa. Mlango ukishafungwa, chuma hubaki ndani.

Madhara yake si madogo. Uboho huhitaji takriban miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku ili kutengeneza damu, ilhali chakula huchangia moja au mbili tu. Kiasi kingine chote hutokana na chembe za zamani. Kwa hiyo mtu anaweza kuishiwa damu huku ghala lake limejaa.

Katika utafiti mwingine wa mwaka 2004, Nemeth na Ganz walionyesha kuwa kemikali ambayo mwili huitoa unapopambana na maradhi hupandisha hepsidini ndani ya saa chache. Mwili mgonjwa, kwa maneno mengine, huficha chuma ili vijidudu visikipate. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa maradhi ya muda mrefu hupungukiwa damu na vidonge visiwasaidie.

Katika thalasemia hali ni kinyume: hepsidini hushuka na chuma hufurika. Mwaka 2014 kundi la UCLA lilitangaza erithroferoni, homoni inayotoka kwa chembe changa za damu na kuliamuru ini lipunguze hepsidini.

Hepsidini peke yake haielezi yote yaliyotokea Pemba. Hata hivyo, utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kiwango chake ndicho kinachobashiri zaidi kiasi cha chuma kinachoingia katika damu ya mtoto mwenye upungufu. Na hata Pemba, sehemu ndogo ya utafiti ilionyesha kuwa watoto waliopungukiwa chuma kweli, huku malaria yao ikifuatiliwa na kutibiwa, walinufaika.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza kuwa katika maeneo ya malaria watoto wapewe chuma sambamba na kinga, uchunguzi na tiba ya ugonjwa huo. Kipimo cha hepsidini bado si cha kawaida hospitalini. Madaktari hutegemea zaidi kipimo cha feritini, ambayo nayo hupanda mtu anapopata maambukizi.