Jeshi Halitoshi Kuwa Sababu: Kiswahili na Somo la Historia katika Sekondari za Kampala

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze kutumika Uganda mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima kwa Kidato cha 1 na cha 2. Mwanafunzi akifika Kidato cha 3 anaruhusiwa kukiacha. Kiingereza, Jiografia, na Historia na Elimu ya Siasa hawezi kuyaacha hadi amalize Kidato cha 4. Ukiuliza mjini Kampala kwa nini Kiswahili hakishiki mizizi shuleni, jibu huja kabla hujamaliza swali: hiyo ni lugha ya askari wa Amin, na watu hawajasahau. Jibu hilo limerudiwa mno, vyuoni na mitaani, hata halidaiwi tena ushahidi. Makala hii inalipinga. Ninadai kuwa Kiswahili cha shuleni kinakwama zaidi kwa sababu kimetengwa na somo ambalo ndani yake hadhi yake nchini hujadiliwa na kuamuliwa, yaani historia.

Yapo mambo yasiyobishaniwa. Kikosi cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kilitumia Kiswahili, na jeshi la Uganda huru likakirithi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, na katika utawala wake, kati ya 1971 na 1979, raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa watu wenye bunduki. Mwanazuoni Ali Mazrui, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliueleza uhusiano huo wa lugha na jeshi kwa kina. Jeraha ni la kweli, na sioni haki ya mtu yeyote kulipuuza. Ugomvi wangu ni na wale wanaolifanya kuwa chanzo cha yote, kwa kuwa tarehe zinawakatalia.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alipinga, na mwaka 1929 akaweka msimamo wake katika maandishi. Wakati huo Amin alikuwa bado mtoto mdogo. Wakuu wa Buganda waliogopa jambo lililokuwa mbele ya macho yao: mpango wa kuiunganisha Uganda na Kenya, koloni la walowezi, uliokuwa ukichunguzwa na Tume ya Hilton Young. Lugha moja kwa nchi zote ilionekana kuwa mlango wa serikali moja, na serikali moja ingeweza kuufuta Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Uingereza pamoja na haki za ardhi zilizojengwa juu yake. Mwaka 1931 Serwano Kulubya alisafiri hadi London kuitetea Buganda mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza suala hilo la muungano. Maaskofu nao walikipinga Kiswahili; makanisa yao yalikuwa yameshawekeza katika Luganda, na Biblia nzima ya Luganda ilikuwa tayari tangu 1896. Hoja zilikuwa mamlaka, mkataba na shamba. Anayeliona jeshi peke yake anawanyima watu hao akili yao ya kisiasa.

Tukirudi nyuma zaidi, picha inabadilika tena. Wafanyabiashara kutoka pwani walifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Mrithi wake, Mutesa wa Kwanza, alijifunza Kiarabu na Kiswahili. Msafiri Henry Morton Stanley alipoondoka Buganda mwaka 1875 alimwachia Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA huko Zanzibar, naye akamsomea na kumtafsiria Kabaka maandiko. Mmisionari Alexander Mackay alipowasili mwaka 1878 alianza kazi yake kwa Kiswahili, kabla hajaimudu Luganda. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kusomea ndani ya lubiri, yaani ikulu ya Kabaka, kabla batalioni yoyote ya kikoloni haijapiga kambi kwenye vilima hivi. Hakikuja na mikono safi, maana misafara hiyohiyo ilinunua pembe za ndovu na watu. Hilo pia lifundishwe, bila kupunguzwa.

Sasa tuingie darasani. Nimeketi nyuma ya darasa moja la Kidato cha 1 jijini, vipindi viwili vikifuatana. Katika cha kwanza mwalimu alijaza ubao kwa ngeli ya KI-VI: kitabu, vitabu, kisu, visu. Wanafunzi wakanakili. Kengele ikalia, akaingia mwalimu wa historia, akafuta ubao na kuandika kwa Kiingereza mada ya biashara ya ndani na ya nje ya Afrika Mashariki. Alizungumzia misafara, bidhaa na njia ya kutoka pwani. Nateete ilitajwa mara moja. Ni kule walikopiga kambi wafanyabiashara wa pwani, na ni kule baadhi ya watoto wale wanakopandia teksi kila siku. Hakuna aliyewaambia kwamba lugha waliyotoka kunakili ngeli zake ndiyo iliyosemwa njiani na kambini. Walimu wote wawili walifanya kazi waliyopewa na ratiba, na ratiba haijawapa hata nafasi moja ya kukutana.

Wapo watakaosema walimu wa Kiswahili hawatoshi. Ni kweli, na ndiyo sababu hoja yangu haidai walimu wapya: mwalimu wa historia anaweza kugawa kifungu kifupi cha Kiswahili ambacho mwenzake amekiandaa. Wengine watauliza, kwa nini isiwe Luganda? Luganda imo tayari. Mtaala unamtuma mtoto wa Kawempe kwenda kumhoji jjajja (babu au bibi) wake juu ya mambo ya kale; mahojiano yanafanyika kwa Luganda, ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, na ile kazi ngumu ya kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine haifundishwi wala haipewi alama. Somo la historia linaishi katika lugha kadhaa na kusahihishwa katika moja. Kukiruhusu Kiswahili ndani yake kungeifungulia Luganda mlango pia, na sidhani Daudi Chwa angelilalamikia hilo.

Pendekezo langu ni dogo. Katika mtaala huu asilimia 20 ya alama za mwisho hutokana na kazi za darasani, na asilimia 80 na mtihani wa Baraza la Mitihani la Uganda. Mtihani ubaki kama ulivyo kwa sasa. Ndani ya zile 20, mwanafunzi aruhusiwe kufanya mradi mmoja wa historia kwa Kiswahili, juu ya lubiri la Mutesa, mgogoro wa 1927 hadi 1931, au amri ya 1973, na mradi huo uhesabiwe katika masomo yote mawili. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kitumike pale Bunge litakapoelekeza kwa sheria, na tangu hapo mjadala umekuwa ukielekezwa Bungeni. Mradi kama huu hauna haja ya kulisubiri Bunge: unahitaji walimu wawili wa shule moja wakubaliane, na mwalimu mkuu awape kipindi cha pamoja kwenye ratiba ya muhula.